Kwenda Horini na Mke Mwenzangu

Jumatatu, 1 Septemba
Karafuu nimezigeuza mara mbili. Mawingu yamesimama upande wa Vitongoji, mvua haikuja. Nimefua. Nimepika mseto. Nimesali Adhuhuri, na kabla sijakunja msala simu ikalia. Raya, kutoka Shumba.

Nilidhani kuna msiba. Tangu tutoke eda, mimi na mke mwenzangu hatujasemezana ila salamu za Idi.

Anasema mtumbwi wa marehemu mume wetu, Shaame, umelala ufukweni Makoongwe, unaoza. Hamad, shemeji yetu, kamwambia msimu ujao utakuwa kuni. Raya anataka tuupande mara moja kabla ya hapo, mimi na yeye, tukavue horini kwake, kwenye ule mkono wa bahari.

"Nipeleke, Bi Mkubwa. Makaburini wanawake hatwendi. Basi miye nikamkumbukie wapi?"

Nimesema nitafikiri. Nimezigeuza karafuu mara ya tatu. Hazikuhitaji.

Jumatano, 3 Septemba
Nimekubali. Sijui kwa nini. Miaka ishirini na mbili ya uke wenza, na sijakaa naye chumba kimoja mpaka siku ya maiti.

Leo hori lote limenijia. Unatoka Makoongwe, unavuka, unafuata ukingo mpaka unadhani umefika ukutani. Kumbe ukuta una mlango. Ndani ni majabali kulia na kushoto, meupe, makavu, juu hakuoti hata jani. Chini maji ya kijani, na mikoko imejibana miguuni mwa mawe. Ukisema neno linakurudia.

Shaame alinipeleka mwaka tuliooana. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, henna bado mikononi. Akasema, "Hapa hajaja mtu na miye ila weye." Nilipata samaki changu mdogo kama kiganja, akashangilia kama nimevua papa. Hata nilipoanza kusomesha, kila likizo tulikwenda. Watoto tuliwaacha kwa mama.

Alipooa mke wa pili nilikonda. Lakini nilijiambia: nyumba tumegawana, siku tumegawana, hori ni langu. Raya nadhani kalisikia tu.

Ijumaa, 5 Septemba
Mipango. Wiki hii haifai, bamvua, maji makuu, linaingia Jumapili na mkondo mlangoni pa hori hauna huruma. Tusubiri maji mafu, bahari ikipungua nguvu. Jumapili ya tarehe 14. Tuingie saa mbili asubuhi, maji yakijaa taratibu, tutoke kabla ya saa sita.

Chambo: kamba na ngisi, soko la Chake. Maji ya kunywa. Mihogo ya kuchemsha. Kopo la kukumbia maji, mtumbwi lazima utavuja.

Mishipi imo kwenye sanduku lake. Nimelifungua kwa mara ya kwanza. Ndoana mbili zimeshika kutu, chubwi za kuzamishia zote zipo, mishipi imezungushwa vizuri kwenye vibao kama alivyopenda. Na harufu yake. Nimelia. Nimelifunga. Baadaye nimelifungua tena.

Nina furaha. Naandika hivi ili nisijidanganye baadaye kwamba sikuwa nayo.

Jumapili, 7 Septemba
Raya kapiga simu kuulizia safari. Tumezungumza vizuri, hata tumecheka. Kisha kasema:

"Mtumbwi tutaufunga pale kwenye jiwe lililoinama, au siyo? Pale penye kivuli."

Sijamwambia habari za jiwe letu, mimi na Shaame. Sijamwambia mtu yeyote.

Nimekata simu.

Jumatatu, 8 Septemba
Alimpeleka.

Jumanne, 9 Septemba
Sikulala vizuri. Nimemwambia Hamad aupasue mtumbwi kuni hata leo. Kasema, "Shemeji, ngoja kwanza." Sitaki kungoja.

Raya kapiga mara nne. Sikupokea.

Siku ngapi alikuja na samaki, nikamuuliza alikuwa na nani, akasema peke yake? Nami nikawapaa samaki hao, nikawapika, nikasema alhamdulillahi. Nina miaka sitini na moja na nina wivu kama msichana, juu ya mtu aliye chini ya ardhi. Aibu. Lakini ndivyo nilivyo.

Alhamisi, 11 Septemba
Raya kaja mwenyewe. Kutoka Shumba mpaka hapa Wawi, na magoti yake yale. Kapiga hodi saa nne na mkate wa ufuta mkononi. Mgeni hafukuzwi. Nimemkaribisha, lakini kabla ya kutia chai nimemuuliza:

"Alikupeleka mara ngapi?"

"Sikuhesabu, Bi Mkubwa."

"Alikwambiaje?"

Kainamisha kichwa. "Kaniambia hapa hajaja mtu na yeye ila miye."

"Maneno hayo hayo?"

"Hayo hayo."

Nilifungua kinywa nimfukuze. Kikatoka kicheko. Kanitazama kwa hofu, kisha naye kikamshika. Tumecheka mpaka jirani kachungulia.

"Mwongo yule," nimesema.

"Mwongo, Mungu amrehemu."

"Amin."

Halafu Raya kafuta macho, kasema kwa sauti ndogo: "Lakini miye nilikuwa nikijua. Nani angekaa na mke miaka yote ile asimpeleke? Kila nikiingia pale nikijua nimekaa pahala pako. Weye ulikuwa na raha ya kutojua."

Miaka yote nilimwona yeye ndiye aliyechukua. Sikufikiri hata siku moja kwamba alipewa kitu ambacho hakuweza kukifurahia.

Nimetia chai. Mkate wa ufuta mzuri sana. Nimempigia Hamad: mtumbwi usiguswe.

Jumamosi, 13 Septemba
Leo tunalala Makoongwe kwa Hamad. Kauziba mtumbwi kwa pamba na mafuta ya papa, kautia majini, unavuja kidogo tu. Anataka kutupeleka mwenyewe. Tumekataa.

"Pondo la kusukumia nani atashika, shemeji?"

"Miye mtoto wa hapa hapa, Hamad. Usisahau."

Moyoni sina hakika. Mara ya mwisho kulishika nilikuwa sijaolewa.

Jumapili, 14 Septemba
Tumekwenda.

Mikono ilikumbuka kabla ya kichwa. Mara mbili nimetugonga kwenye mikoko, Raya kapiga mayowe, kisha mtumbwi ukatulia. Yeye mbele na kopo lake, akikumba maji. Mimi nyuma, nimesimama, na pondo.

Siku zote nilikaa mbele. Leo ndiyo mara ya kwanza nimesimama alipokuwa akisimama Shaame. Nikaona alichokuwa akikiona: mgongo wa mwanamke, mtandio unapepea, majabali yanafunguka mbele yake. Mgongo huo ungeweza kuwa wangu. Hasira iliyobaki nimeitafuta sikuipata. Nilimkumbuka tu, kwa nguvu hata nikaacha kusukuma.

"Umechoka, Bi Mkubwa?"

"Hapana. Natazama."

Tumefunga kwenye jiwe. Tumemsomea Fatiha, na majabali yakaturudishia, kama kuna kina mama wengine wawili huko juu wanasoma nasi. Raya kalia. Nimemwacha alie, kisha nimemshika bega.

Tumevua. Raya kapata changu mmoja mkubwa na chaa wawili. Mimi hakuna. Saa nzima hakuna! Halafu kipande cha ngisi kikaliwa, ndoana tupu. Tukacheka tena. Kila mmoja kasimulia Shaame wake: namna alivyokohoa akitaka kuomba radhi, namna alivyoogopa pweza na kusema hawapendi tu. Mengine sikuyajua. Mengine yeye hakuyajua. Nilidhani kumgawana ni kupungukiwa. Leo nimerudi na Shaame zaidi ya niliyekwenda naye.

Saa tano na nusu maji yakageuka. Tumetoka nayo. Hamad alikuwa amesimama ufukweni, maji magotini, hana raha mpaka tulipogusa mchanga.

Jumatatu, 15 Septemba
Raya kalala kwangu, chumba cha mbele. Jana jioni alisema magoti hayawezi gari tena, nami nikasema kitanda kipo. Ni saa tatu asubuhi, bado amelala. Nimetandaza karafuu. Nimefagia ua polepole, ufagio usimwamshe.