Mwiko wa Bi Makeke

Baba Zaina,

Dua nimeshakusomea tangu alfajiri, kwa hiyo usidhani nimekusahau kwa lililo kubwa. Haya ni mazungumzo yetu mengine, yale ya barazani. Mimi mzima. Eda nimetoka juzi, Zaina kaniletea kanga mpya, nakula vizuri, na kucheka nacheka, usije ukasikia kwa wengine ukanuna.

Nguo zako ziligawiwa kwenye arobaini. Lakini lile sanduku la vitu vyako vya vichekesho nilikataa lisiguswe mpaka nitoke ndani. Nilipotoka tu, ndugu yako Kibwana akaja kulifungua. Akatoa kofia zilizoandikwa-andikwa majina ya watu, upepeo wa ukindu, fimbo ya yule kilema wa uongo. Akauliza, "Shemeji, hii ni mali au takataka?" Swali hilo nimekuuliza wewe miaka ishirini. Nilipolisikia kwa mtu mwingine liliniuma.

Maana mimi nilikuwa nakucheka. Kila Idd kikundi cha vichekesho kikija Kisarawe, mchezo ukiisha, wewe ndiye wa kwanza mlangoni. Mtu mzima, karani wa boma, umeshika kidau cha wino, unawaomba waigizaji waandike majina yao kwenye vitu walivyochezea! Uliwaona Wazungu wakifanya hivyo Dar es Salaam, ukarudi nayo nyumbani kama homa. "Mchezo ukiisha umekwisha, Mama Zaina," ulikuwa ukiniambia. "Jina ndilo linalobaki."

Na mwiko je? Ule mwiko mkubwa ambao Mwinyimvua wa Marui, akicheza Bi Makeke, na kanga zake mbili na matiti yake ya matambara, alimkimbiza nao mumewe jukwaani mpaka watu wakashika mbavu. Alikupa mwiko, jina hakuandika. Mwaka wa kwanza alisema ana haraka. Wa pili mkono unamuuma. Wa tatu alipokuona na kidau chako akatorokea mlango wa nyuma. Ukasema ana maringo. Mimi nikaona kama hauna jina basi ni mwiko tu, nikausongea ugali. Lo! "Mwiko huo ni mwiko kuugusa!" Ulinuna siku tatu, na ugali wenyewe uliula.

Halafu kwenye maradhi yako ya mwisho, ulipokwisha kuusia ya Zaina na ya shamba, ukasema, "Mwiko umebaki mtupu." Sijui kwa nini neno hilo ndilo lililoniliza kuliko yote. Ndiyo maana nilimwambia Kibwana: sanduku utachukua ukitaka, ila si kabla jina halijaingia kwenye mwiko huo.

Nikapeleka salamu Marui. Mwinyimvua akaja jana, mzee sasa, akatoa pole yake, akanywa chai. Nikamwekea mwiko na kidau mbele yake. Akautazama mwiko, kisha akatazama mlango, nikajua anataka kukimbia tena. Hakukimbia. Alisema huku ameinamisha kichwa kwamba shule hakusoma. Anajua herufi za chuoni tu, hizi za Kiarabu, na aliona haya kumwandikia karani wa boma herufi hizo mbele za watu. Kumbe si maringo, Baba Zaina. Miaka yote ile ni haya!

Nikamwambia aandike hizo hizo, maana hata mimi sina nyingine. Akaandika kuanzia upande wa kulia, taratibu, kwenye mpini. Nikasoma: Mwinyimvua bin Pazi, Bi Makeke. Nimesoma, mume wangu! Kofia zako zote hizo nimezipangusa vumbi bila kujua nani kaandika nini, na jina la kwanza kulisoma katika mali yako ni lile ulilolikosa. Nikacheka, nikalia, mpaka Mwinyimvua akatoa sauti ya Bi Makeke akanikemea ninyamaze, tukacheka wote wawili.

Kibwana kaja leo kulichukua sanduku, nikamwambia nimebadili nia, kaondoka mikono mitupu. Sanduku halitoki nyumba hii.

Basi pumzika, Mungu akupanulie kaburi lako. Idd ijayo nitasimama mlangoni mimi, nakuahidi, watu wacheke wakitaka. Ila kabla sijampa mtu kalamu nitamuuliza kwanza anaandika herufi zipi. Wewe ulijua zote mbili, za shule na za chuoni, lakini swali hilo hukumuuliza Mwinyimvua. Wala mimi, mkeo, hukuniuliza hata siku moja kama najua kuandika. Nimekusamehe, wallahi, wala sina kinyongo. Barua hii naitia sandukuni pamoja na kofia za watu wako, na jina langu hili hapa, nimeliandika kwa mkono wangu:

Mwanahawa binti Salum