Chai ya Meja Gaster

Walukuba, Jinja
12 Mei 1975

Mama mpendwa,

Ninakuandikia kukuarifu mambo mawili: nimeteuliwa kuongoza Idara ya Sayansi na Ufundi wa Ulinzi, na nimempata mtu aliyemchukua Baba. Natumai Alfayo dereva atakapokukabidhi barua hii goti lako litakuwa limepoa. Mimi ni mzima.

Tangu wataalamu wa kigeni waondoke, hakuna ndege ya jeshi inayoruka bila sahihi yangu. Hiyo ndiyo heshima uliyonisomeshea. Juzi rubani wa maonyesho ya mwezi ujao aliingia karakana, akaegemea meza yangu. "Bwana injinia, ndege yangu tayari, ama bado unaisomea kitabu?" Askari wakacheka. Niliitambua sauti ile. Ndiyo iliyokuambia mlangoni petu, nami nimesimama nyuma yako: "Mama, weka chai kwa moto, mzee anarudi saa hii." Ni Meja Gaster. Hakunikumbuka.

Ndani ya bawa la kushoto la ndege yake nimeona ufa mwembamba kama unywele. Hakuna mwingine aliyeuona. Nikitia sahihi na kunyamaza, bawa litamaliza kazi. Naomba baraka zako.

Mwanao mtiifu,
Wanyama, Mhandisi wa Ndege

Mbale
19 Mei 1975

Mwanangu Wanyama,

Hujambo? Goti bado linauma, unga upo, ng'ombe amezaa. Umeandika kama hotuba ya redio, lakini nimekuelewa.

Baraka sikupi. Mtu akianguka kutoka angani huitwa shujaa. Watampigia mizinga, na mkewe atapata kaburi la kulilia. Mimi langu liko wapi? Wajua wajane wa huku hunyolewa mume akishazikwa. Nywele zangu zimefika mabegani, na sokoni wananiuliza, "Mama Wanyama, siku hizi unavaa wigi?" Gaster akifa, atakufa na mahali alipomlaza baba yako.

Simtaki juu. Namtaka chini, na jembe mkononi.

Mama yako,
Selpher

Walukuba, Jinja
2 Juni 1975

Mama mpendwa,

Natumai hujambo, na ndama anaendelea vyema. Uniwie radhi kwa ukimya wangu. Nilikuwa nikisubiri maonyesho yakaribie.

Nilimwita Meja chini ya bawa, nikamwonyesha ufa kwa tochi. Amekwisha kuwaahidi wakubwa kwamba ataruka Jumapili. Akiruka, bawa litakatika. Akikataa, wenzake watamchukua kama yeye alivyowachukua wengine. Kipuri cha kumwokoa kipo, nimekifungia kabatini mwangu.

"Wewe nataka nini, bwana?"

"Mwalimu Joash wa Mbale. Nataka kujua aliko."

Akanisogelea. "Yule wa chai?"

Mama, anakumbuka. Nilishika bawa ili nisimshike yeye.

"Nyuma ya ghala la pamba," akasema, "kule Mbale, upande ya viwanda. Mimi taonyesha wewe. Lakini hii maneno, askari wangu hapana sikia."

Basi atakuja peke yake. Nipangie siku, na uniambie kama nimpe kipuri baada ya hapo.

Mwanao mtiifu,
Wanyama

Mbale
4 Juni 1975

Mwanangu,

Sote hatujambo, hata goti leo limenyamaza.

Baba zako wadogo wamekwisha kuchimba kaburi nyumbani, chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Wembe nimenunua. Lakini huko nyuma ya ghala asichimbe mtu mwingine. Gaster atachimba mwenyewe, amevaa gwanda lake na vyeo vyake vyote, nami nitakaa kwenye kigoda mbele yake, nywele wazi, azione. Mfupa mmoja ukibaki, atarudia.

Wauliza habari ya kipuri. Nile hapo Jinja si ina kina? Kitupe kabla hujaondoka, na usimwambie mpaka amalize kuchimba. Kisha achague mwenyewe, bawa au wenzake.

Kazi hiyo usiirudie. Tukishazika, nikishanyolewa, Alfayo atatuvusha mpakani Malaba, tuingie Kenya kwa lori lake. Cheo utapata kingine. Baba sikuweza kukupatia mwingine.

Mwambie Meja chai iko motoni. Jumamosi, tarehe 7 Juni, saa tatu asubuhi, nyuma ya ghala la pamba.

Mama yako,
Selpher