Studio Yetu ya Pamba

Dutwa, Bariadi,
14 Julai, 2024.

Mpendwa shangazi Specioza,

Mwangaluka, sengi! Nakuamkia kwa Kisukuma chetu, shangazi. Habari za Songea na baridi yake? Goti linaendeleaje? Mama anasema uache kubeba ndoo, na mimi nakazia hapo hapo. Sisi huku tu wazima, ila Bibi Milembe ana mafua kidogo. Mafua yenyewe hayajamzuia kumgombeza mtu yeyote.

Shangazi, nimechaguliwa! Nilitaka nikusalimie kwa kirefu kwanza, nimeshindwa. Yule prodyuza wa Mwanza niliyekudokezea alitaka demo za nyimbo tatu, mwisho Ijumaa, achague mtu mmoja wa kumrekodia bure. Mtu huyo ni mimi mwanao!

Maiki uliyonitumia ilifika salama. Tatizo lilikuwa nyumba, na nyumba ya kaka yako unaijua. Nikianza kuimba, jogoo anadakia. Jogoo akinyamaza, Mama anatwanga. Mama akipumzika, Bibi anafungulia redio mpaka mwisho. Nilijifunika hata blanketi, nikatoka nimelowa jasho, na jogoo bado anasikika.

Ndipo nikakumbuka chumba cha pamba. Mwaka huu tumevuna vizuri, imejaa karibu na dari. Nikajichimbia katikati na simu yangu, nikaimba. Nilipojisikiliza, nilipiga kelele mwenyewe! Sauti safi, redio ya Bibi imemezwa yote. Kufikia Alhamisi asubuhi nilikuwa na nyimbo mbili.

Wa tatu ndio ulionitesa. Habari za pamba yetu zilishaenea, na kila jirani aliyekuja kuiona alifungua mlango na kusalimia. Nami nilivyolelewa, salamu ya mtu mzima siwezi kuiacha ipite. Napiga magoti hapo hapo juu ya pamba, naitikia, na wimbo unaharibika. Mara nne siku hiyo! Mzee Mboje peke yake kaniharibia mara mbili.

Na muda ulikuwa umekwisha. Baba alikuwa amepanga kuipeleka pamba kuiuza AMCOS, kwenye chama chetu cha ushirika, Ijumaa asubuhi. Unajua anavyosema, kuimba si kazi, basi sikuthubutu kumwomba hata saa moja. Ijumaa kulipokucha nilikuwa ndani ya pamba nalia, nje ng'ombe wameshafungwa kwenye mkokoteni.

Baba akafungua mlango. Akanitazama, akaitazama maiki.

"Zimebaki ngapi?"

"Mmoja, baba."

Akafunga mlango. Mimi nilidhani amekwenda kuwaita wabebaji, nikaimba haraka haraka, kisha nikaona hakuna anayeingia, nikarudia taratibu kutoka mwanzo. Shangazi, sijawahi kuimba vile.

Yaliyotokea nje alinisimulia Bibi, anacheka mpaka mafua yanamkaba. Eti Baba aliwafungua ng'ombe, akaweka kigoda mlangoni, akamkamata jogoo akamweka kwapani. Kila aliyekuja, Baba alimfuata njiani na kumwitikia kwa kunong'ona. Mzee Mboje aliondoka kinyonge, akaenda kutangaza kwamba kwetu kuna mgonjwa mahututi. Jioni wanawake wawili walikuja na uji!

Kwa hiyo keshokutwa naenda Mwanza. Naogopa, lakini furaha imezidi, hata kula sili. Nimekuwekea nyimbo zote kwenye memori kadi humu ndani ya bahasha.

Msalimie Baba Rachel, na Rachel mwenyewe mwambie nimemkumbuka. Mama na Bibi wanakusalimu sana. Mungu akulinde, na goti hilo alinyooshe uje mavuno yajayo.

Baba naye anakusalimu. Kuhusu nyimbo hajanitamkia neno hadi leo. Ila asubuhi hii nimefungua begi niweke kanga zangu, nikakuta foronya imejazwa pamba na kushonwa mdomo. Nilipomuuliza, alijibu huku anaangalia ng'ombe wake: huko mjini wakikupigia kelele, ziba madirisha.

Mwanao akupendaye na asiyeacha kukuombea,
Esteria