Nilimwandika Marehemu

Busia, Jumatano. Mvua ilianza kabla ya chai na haijakatika. Nimerudi kutoka Tororo nimelowa hadi magotini, na nina hasira nisiyojua nimkabidhi nani.

Nianze na kosa langu, maana ndilo linaloniuma.

Mama Feza yuko Tororo mwezi wa pili sasa, yeye na watoto watatu, katika chumba nyuma ya stoo ya pamba. Mumewe alikuwa mkalimani wa askari wa kigeni kule Kongo. Kila amri waliyotoa kijijini, yeye ndiye aliyeitamka kwa Kiswahili. Kwa hiyo walioteswa wanaikumbuka sauti yake kuliko sura za wale askari. Askari waliondoka kwa ndege. Yeye alibaki, akatoweka njiani siku familia ilipokimbia. Wiki iliyopita wanaume wawili wageni waliulizia sokoni anakokaa mke wa mkalimani. Muuza samaki aliwaambia hajui, kisha akaenda kumwonya mama afunge mlango.

Nchi ya wale askari imekubali kupokea familia chache. Treni ya Ijumaa iwafikishe Nairobi, kisha ndege. Mimi ndiye ninayewajazia fomu, kwa kuwa Kiswahili chao nimezaliwa nacho. Kwetu ni ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Niliondoka kijana, nikibeba mizigo ya vita vya Mjerumani, na sijarudi.

Juzi karani anayepokea fomu kule Tororo alinieleza bila kuinua macho. "Mzee, mjane anapita. Mwenye bwana, bwana aje mwenyewe aombe."

"Na kama bwana hajulikani aliko?"

"Hiyo hapa haiko. Fomu si mimi nilitengeneza."

Nikarudi nyumbani, nikachukua kalamu. Penye mume nikaandika: marehemu. Kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Nilijiona mwerevu.

Leo nilimsomea mama ili atie kidole gumba. Alisikiliza mpaka mwisho, wino tayari kidoleni. Kisha akakifuta kwenye kitenge chake, polepole.

"Baba, umemzika wewe? Mimi sijanyoa kichwa. Watoto hawajamlilia. Akitokea kesho, ataingia kwa mlango gani?"

Nilimkemea. Nilimwambia karatasi si kaburi, na wale wawili hawatangoja anyoe. Nilimwambia Ijumaa ni keshokutwa. Yote ni kweli. Alivuta ungo, akaendelea kuchambua maharage.

Njia nzima nilimkasirikia kila mtu. Karani na fomu yake. Wale waliotumia ulimi wa mtu, kisha wakauacha nyuma kama kopo tupu. Na mwanamke huyu, anayeulizia mlango wakati nyumba inaungua.

Nilipofika hapa na kuvua viatu, ndipo neno lake la mlango liliponishika.

Kwetu mimi walinizika. Walingoja miaka, wakachoka, wakanyoa vichwa na kuzika mgomba mahali pangu. Habari nilipewa na mchuuzi wa dagaa aliyetoka huko, na alinitazama kama anayeona mzuka. Aliyekwisha kuzikwa haingii tena kwa mlango wa mbele. Sharti utobolewe ukuta wa nyuma, achinjiwe mbuzi, aitwe jina upya kama mtoto.

Watu wa hapa nimewaambia sikurudi kwa sababu ya kazi, kisha kwa sababu ya uzee. Si kweli. Nauli nilikuwa nayo, na miguu pia. Nilishindwa kutambaa kupita tundu la ukuta wa baba yangu.

Mtu mmoja, kwa nia njema, alisema nimekufa ili mambo yaendelee.

Nina fomu nyingine, safi. Nimeiweka ndani ya kitabu isilowe. Penye mume nimeandika kwa penseli: yu hai, hatujui aliko. Kesho nitapanda basi la kwanza. Nitamsomea mama kwanza, na akikubali ndipo nitaipitishia wino. Kisha nitaketi kwenye benchi la karani mpaka anipeleke kwa mkubwa wake, au anifukuze.

Akinifukuza, treni itaondoka bila wao. Hapo nitawaleta hapa kwangu, nilale mimi jikoni, na wale wawili watakuwa bado wanauliza.

Je, nitakuwa nimewaokoa, au nitakuwa nimejitetea mimi?

Sijui. Lakini neno marehemu sitaliandika tena.