Zamu Yangu ya Pampu

Jumatatu, 2 Februari

Umeganda! Mfereji wote mbele ya ofisi umeganda, na bata wamesimama juu yake kama watu waliosahau walichokuja kufanya. Nimeendesha baiskeli kutoka nyumbani hadi kazini kope zikishikana kwa baridi. Sikujali. Nimecheka peke yangu njia nzima, mwehu kabisa.

Ofisini hakuna aliyefanya kazi. Sisi ni ofisi ya maji – kazi yetu ni mitaro, matuta ya kuzuia maji na pampu – lakini leo kila kompyuta ilikuwa imefunguliwa utabiri wa hali ya hewa. Gerbrich, bosi wetu, ambaye huwa hacheki kabla ya saa saba mchana, amepita na kikombe chake akisema baridi hii ni ya juma zima. Akafungua bati la biskuti, tukachukua moja moja na kahawa, akalifunga. Halafu akalifungua tena. Biskuti ya pili, wakati kwetu huwa ni moja tu! Hapo nikajua mambo ni makubwa.

Kisha akanigeukia: Jildou, juma hili zamu ya pampu ni yako. Uamuzi wako, simu yako, lawama zako.

Jioni mama amepiga simu. Mama ndiye hupiga. Baba husimama nyuma yake na kupayuka.

– Muulize hiyo pampu ya kijijini inanguruma ya nini!

– Inatoa maji, baba. Ndiyo kazi ya pampu.

– Mwambie inaniharibia barafu yangu!

Baba ni mwenyekiti wa chama cha barafu cha Lutkewier, kijijini kwetu. Chama kina bendera, kibanda cha supu, keekee ya kupimia unene, na wanachama ni kijiji kizima. Kinachokosekana kila mwaka ni barafu tu. Mbio za kuteleza za mwisho kufanyika pale nilikuwa shule ya msingi, na nilianguka mbele ya mwalimu.

Jumanne, 3 Februari

Mchana ofisi nzima tumeshuka mferejini na viatu vya kutelezea. Mikate tumekula huku tunakwenda, jibini limekuwa gumu kama sabuni. Raha!

Ila Loek. Meza yake inatazamana na yangu. Ametokea Limburg, kusini kabisa mwa nchi, ambako barafu wanaijua ya kwenye glasi. Akili yake yote mwezi huu iko kwenye kanivali, sherehe yao ya kujivika mavazi ya vituko. Anajitengenezea vazi la jokofu kwa maboksi, na mlango unafunguka. Nikamwambia anayejifunza kuteleza huanza kwa kusukuma kiti barafuni, hata mimi nilianza hivyo nikiwa na miaka minne. Kaenda kuchukua kiti. Cha ofisini. Cha magurudumu!

Kiti kimefika ng'ambo kabla yake. Gerbrich amecheka – na ilikuwa bado hata saa sita na nusu. Loek amelala chali akiuliza kwa sauti ya upole kabisa, hivi nyie watu wa kaskazini mna shida gani?

Jumatano, 4 Februari

Baba katimiza sitini.

Sebule ya wazazi, viti vyote vya nyumbani na vya jirani vimepangwa duara, magoti yanagusana. Nimeingia na ua langu kwenye chungu nikaanza mzunguko. Hongera baba. Hongera mama kwa mumeo. Hongera shangazi Hiltje kwa kaka yako. Hongera jirani kwa jirani yako. Na wao, hongera Jildou kwa baba yako. Hiyo ni desturi yetu kila siku ya kuzaliwa. Ila leo hakuna aliyeuachia mkono wangu.

– Hongera kwa baba yako, mwanangu. Na hiyo pampu? (Shangazi Hiltje, bila hata kupumua katikati.)

– Hongera, hongera. Nasikia wewe ndiye unayebonyeza? (Mwoka mikate.)

Jirani mwenye ng'ombe, ambaye maisha yangu yote hajanipa zaidi ya salamu ya nusu neno, amenipisha kwenye kiti chake na kunisogezea keki yake. Keki yake! Kila mtu hupata kipande kimoja tu katika nyumba hii. Kufika nusu ya duara nilikuwa nimeahidiwa soseji, trei ya mayai, na mpwa wa mtu fulani anayefanya kazi benki na hana mchumba.

Baba peke yake hakuitaja pampu. Kakaa chini ya vitambaa vya rangi, mikono magotini, anatazama dirishani. Nikadhani kanuna.

Kumbe. Tulipokuwa jikoni tunaosha vikombe akaniambia daktari kampa tarehe. Aprili wanamfungua goti, wanaweka la chuma. Nikamwambia utapona, baba.

– Nitapona. Nitatembea, nitaendesha baiskeli. Kuteleza, amesema basi.

Akaendelea kukausha kikombe kile kile.

– Siombi kitu, Jildou. Nakwambia tu.

– Unaomba, baba.

– Haya. Naomba.

Baba hajawahi kuniomba chochote. Hata chumvi mezani huinuka akaichukua mwenyewe. Nimerudi kwenye duara, shangazi Hiltje akanipongeza kwa mara ya pili.

Alhamisi, 5 Februari

Nimeizima!

Na si kwa upendeleo, wacha niandike hapa niamini mwenyewe. Barafu inapokua tunaruhusiwa kuzima pampu ili maji yatulie, mradi yasipite alama. Yako chini ya alama. Gerbrich kakubali kabla sijamaliza sentensi.

Baba kapiga simu. Mwenyewe! Bila mama! Ametoboa kwa keekee pale darajani, penye udhaifu siku zote, na panatosha. Mbio ni Jumamosi saa nne asubuhi. Sauti yake ilikuwa ya mvulana. Amesema atakimbia na yeye, mwisho kabisa nyuma ya wazee, lakini atakimbia.

Loek ameniuliza kama ni kawaida kulia kwa ajili ya pampu. Nikamwambia nyamaza, jokofu wewe.

Ijumaa, 6 Februari

Mvua.

Watabiri walisema itanyesha Jumapili. Asubuhi wamebadilisha: Jumamosi, kabla ya mchana, nyingi, juu ya ardhi iliyoganda. Ardhi iliyoganda hainywi. Maji yote yatateremka kwenye mitaro, na mitaro ya Lutkewier imejaa kwa sababu pampu imelala, na pampu imelala kwa sababu yangu.

Nyumba za chini kuliko zote ni zile zilizo nyuma ya tuta. Shangazi Hiltje anakaa pale, ile ya mwisho. Jirani zake ni wale vijana waliojifungua majuzi. Korongo wa mbao, wa kutangaza mtoto mpya, bado amesimama bustanini kwao na jina la mtoto shingoni. Jumapili walinipa mkate mkavu wa kusherehekea mtoto, wenye punje za sukari za rangi ya waridi, nikambeba mtoto, akanitapikia. Chumba chake kiko chini, upande wa mtaro.

Mimi na Loek tumepiga hesabu, tukafuta, tukapiga tena. Tukitaka nyumba zile zisiguswe, pampu iwashwe kesho saa mbili asubuhi. Na ikishawashwa, maji yanashuka, barafu inabaki inaning'inia bila kitu chini yake, inapasuka pembeni. Hapo mbio hakuna. Tukingoja mbio ziishe, maji yanaweza kuingia ndani.

– Labda yasiingie, kasema Loek.

– Labda.

Tukatazamana. Nilitaka sana aseme tena. Akarudi kwenye hesabu.

Nikaenda kwa Gerbrich. Kaniuliza zamu ni ya nani. Yangu. Basi, kasema, na akanisogezea bati la biskuti, akaliacha wazi. Nimekula hadi za chini zenye vumbi.

Kisha simu. Mama kapokea, nikasema nipe baba. Nilimwambia yote mfululizo ili nisije nikaishia njiani.

– Saa mbili?

– Saa mbili.

– Mbio ni saa nne.

– Najua, baba.

– Sawa.

Sawa ile! Afadhali angenitukana. Baadaye mama kanipigia tena kwa kunong'ona: kavaa koti, kachukua gundi, kaenda mwenyewe kubandika tangazo kila mahali kwamba barafu imefungwa. Hakutaka kusaidiwa. Hakumwambia mtu ni nani aliyeamua.

Nimejichukia leo. Na nimewachukia wote, watabiri, mvua, hata korongo wa watu. Mbona isiwe zamu ya Loek? Yeye angewasha huku anapiga mluzi.

Jumamosi, 7 Februari

Nipo kibanda cha pampu, Lutkewier. Kumeanza kupambazuka. Nimekaa kwenye ngazi ya mlangoni naandika na glavu zisizo na vidole, maana nikikaa bure nitafikiri. Viatu vyangu vya kutelezea bado vimo kwenye mkoba wa baiskeli tangu Jumanne. Sijui nimevileta vya nini.

Pampu naweza kuiwasha hata nikiwa kitandani, kwa kompyuta. Lakini ikiwa kuna barafu, aliye zamu lazima awepo na aone kwa macho yake kwamba hakuna mtu juu yake. Nimetazama kushoto, nimetazama kulia. Hakuna hata bata. Wingu ni zito upande wa magharibi. Loek yuko ofisini, anafuatilia maji, kanitumia picha ya kikombe chake cha kahawa ili nipate joto. Mjinga huyu. Imenisaidia kidogo.

–

Baba kaja. Sweta ya chama, ile ya zamani yenye kiraka kiwikoni. Hakunisalimu. Kakaa kando yangu kwenye ngazi, akaanza kufunga kamba za viatu vyake.

– Baba, nawasha saa mbili.

– Najua kusoma. Tangazo nimebandika mimi.

– Barafu imefungwa.

– Imefungwa kwa wanachama. Mimi ni mwenyekiti, nakagua.

– Baba.

– Mzunguko mmoja tu.

Nimetazama saa. Mfereji unazunguka kijiji; hata kwa goti lile, mmoja ungetosha. Sikuweza kusema hapana. Wala sikutaka! Nikasema mmoja, baba. Kasema mmoja.

Kaenda. Mungu wangu. Mtu huyu anapanda ngazi za nyumbani kwa kushika ukuta, lakini barafuni kainama, mikono mgongoni, na goti likanyamaza. Sauti pekee ilikuwa ya makali yake yanakata. Nimelia waziwazi, makamasi na vyote. Nampenda mzee huyu na jana nimemvunja moyo, na kazi yangu ndiyo hii.

–

Saa mbili kasoro. Watu wametokea juu ya tuta. Hakuna aliyewaita. Mwoka mikate na aproni yake, jirani wa ng'ombe, mama na koti juu ya vazi la kulalia. Hakuna anayekanyaga barafu. Wamesimama tu. Nyuma yao, nyumba ya wale vijana taa inawaka. Namwona yule baba kijana dirishani, anapandisha kitanda cha mtoto ghorofani. Shangazi Hiltje yuko ndani kwao, ameshika upande wa pili wa kitanda.

Huyo! Baba katokeza chini ya daraja. Nimesimama, mkono kwenye mlango wa kibanda. Anakuja. Anakuja vizuri –

Anapita! Hakusimama!

– Baba! Umesema mmoja!

– Ule ulikuwa wa kukagua!

Na watu kule juu wanapiga makofi. Mama naye! Anapiga makofi na glavu za jikoni!

Saa mbili. Tone la kwanza limeanguka hapa, juu ya neno hili. Loek kanipigia: umewasha? Bado, kuna mtu kwenye barafu. Mtu gani? Mwenyekiti. Mtoe, Jildou! Nikamwambia ameshakata kona, nimtoeje, nimpigie kelele? Kelele hasikii tena kule aliko, amefunga masikio na kofia. Hakuna namna ila kumfuata.

Tone lingine. Wino unachirizika. Simu nimeibana kwa bega, naandika kwa mkono huu na huu mwingine unafunga kamba za viatu vyangu vya kutelezea. Hii ni kazi. Mtu aliye zamu anakwenda kumtoa mtu kwenye barafu, imeandikwa katika taratibu, au kama haijaandikwa ingefaa iandikwe. Loek anauliza itachukua muda gani. Nimejisikia nikimjibu: mzunguko mmoja tu –