Kiraka Kilichopitia kwa Bi Mwajuma

Mama yangu uliyelala Ipuli,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini siwezi kuanza barua kwako bila heshima hiyo, ungeikunja ukanirudishia.

Mjukuu wako amezaliwa, mama. Ni msichana, na anapumua. Naliandika neno hilo polepole, kwa kuwa wawili waliomtangulia hawakuvuka mwezi wa kwanza, nawe uliwaosha kwa mikono yako kabla hujatuacha. Huyu amelala mbele yangu juu ya mfarishi wa viraka vya kila rangi, nilioushona mwenyewe.

Unaikumbuka likizo ile niliporudi kutoka shule ya bweni nikakukuta na kikapu cha vitambaa? Jirani yetu Bi Mwajuma alikuwa amefiwa na watoto wawili, na sasa alikuwa na mimba tena. Mama mkwe wake, ambaye ndiye hupaswa kuomba vitambaa vya mfarishi wa mtoto, alikuwa mbali Ujiji. Basi wewe, Mkristo wa Kimoraviani, ukapita Isevya nzima mlango kwa mlango ukimwombea vitambaa.

"Mtoto akilalia vitambaa vya mtaa mzima," uliniambia, "kifo hakitajua ni wa nyumba ipi."

Ukanitajia masharti: hata kipande kimoja kisitoke nyumbani kwa mtoto mwenyewe, na mwombaji asiseme asante. Kisha ukaikata kanga yako nyekundu yenye madoa meusi, ukatoa kipande chako, ukanitia sindano mkononi. Kukata viraka vya upana wa kiganja, kuviunga safu kwa safu, kutandaza pamba ya Nzega juu ya kitambaa cha merikani, kuipiga bandi, mishono mirefu ya kushikiza, isihame: yote nilijifunza mkekani pako.

"Mwanamume anashona?" nilinung'unika.

"Kwani mafundi wa sokoni ni wanawake?"

Chuoni Kampala nilijifunza maneno makubwa. Nimesimama juu ya meza pale sokoni nikadai Tanganyika ijitawale. Nimeuambia umati kwamba sisi ni watu wamoja, na sauti yangu haikutetemeka. Ilitetemeka mwezi uliopita, barazani kwa Bi Mwajuma, nilipofika na kikapu chako.

Mke wangu Wande alikuwa karibu kujifungua. Kuomba vitambaa ni kazi ya mama yake baba, na wewe hupo. Nikaenda mwenyewe. Wande alitamani tukate kanga yako iliyobaki sandukuni, nami nilitamani kuliko yeye, ili nawe uwemo. Lakini ni ya nyumba hii. Tukaikunja, tukaifungia.

Bi Mwajuma alikuwa na wenzake wakichagua mchele. Nilipokwisha kuwaamkia, nikaanza kueleza haki ya kila mtoto wa nchi hii kuzaliwa na kuishi. Alinisikiliza kidogo, akainua ungo.

"Mwanangu, umekuja kuomba kitambaa au kura?"

Walicheka hadi mchele ukamwagika.

"Mwache," mmoja akadakia. "Gavana amemkatalia, sasa anajaribu kwetu."

"Mama yako hakuhutubia mtu," akasema Bi Mwajuma. "Nyoosha mkono, unyamaze."

Nikanyoosha, nikanyamaza. Akaingia ndani, akarudi na mfarishi uliochakaa, ule aliolalia mwanawe Rajabu, ambaye leo ni mtu wa ndevu na anafanya kazi relini. Akashika wembe, akafumua kiraka kimoja taratibu, akanilazia kiganjani. Kilikuwa chekundu, chenye madoa meusi.

"Hiki si cha kwenu," akasema. "Nilipewa. Ni changu, nami natoa."

Mama, nilitembea hadi nyumbani bila kuiona barabara.

Nimekishona katikati. Kimepauka, kimezungukwa na njano, kijani na buluu za nyumba nilizozipigia hodi, na mjukuu wako amekwisha kukilowesha, tena zaidi ya mara moja. Kesho nina mkutano, na nitapaza sauti kama kawaida yangu. Leo nimekaa kimya, nasikiliza pumzi moja ikiifuata nyingine.

Bi Mwajuma sijamshukuru, nimetii. Kila tunapoonana ananitazama, ananiona nilivyoumeza ulimi, anacheka. Lakini sharti lile ni la majirani, na wewe ni wa nyumba hii.

Asante, mama.

Ni mimi mwanao, baba wa msichana anayepumua.