Karatasi Iliyoshonwa kwa Uzi wa Zambarau

Kaka yangu mpenzi, Shemasi,

Kristo asifiwe huko uliko; najua umeshaitikia kabla hujamaliza kusoma mstari huu. Natumaini barua hii na kifurushi chake vitakukuta mzima, kikohozi kimekuacha, na walimu wako wa seminari wamekubakizia nyama kidogo mwilini. Sisi hapa hatujambo. Mama anakusalimu. Goti linamsumbua asubuhi, ikifika saa nne limemwachia, na ukimuuliza habari zake anauliza goti gani. Baba ameshapaka chokaa ukuta wa mbele kwa ajili ya upadrisho wako, na sasa anamkaripia kila anayeuegemea, hata wageni. Shangazi amesema siku hiyo atakaa mstari wa mbele, na kama umewekewa mapadre basi mapadre watasogea.

Ndani ya kifurushi kuna stola ya zambarau, ya kuvaa shingoni ukiungamisha. Ni ile aliyokuahidi Bibi Sindano ulipokuja likizo, alipokupima mabega kwa macho akiwa kitandani na kukuambia kwamba padre mwembamba huifanya stola ionekane kama kamba ya kufungia mbuzi. Ameishona yote kwa mkono, akiwa amelala, isipokuwa shubiri moja ya mwisho. Bibi Sindano amefariki, kaka. Tumemzika wiki tatu zilizopita, na mimi ndiyo kwanza nakuandikia. Nisamehe. Barua hii nimeianza mara nne, na mara zote nne niliishia kwenye goti la Mama.

Unajua kwamba tangu mwaka jana mimi ni mmoja wa wanaopeleka Komunyo kwa wagonjwa. Jumapili, Misa ya pili ikiisha, Paroko ananikabidhi kikasha cha Ekaristi, nakitundika shingoni ndani ya blauzi, na napita nyumba tano bila kusalimiana na mtu njiani. Watu walishazoea. Muuza magazeti wa kwenye kona huvua kofia na kutazama pembeni. Nyumba ya tano ilikuwa ya Bibi Sindano, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ngumu.

Mguu wake ulikuwa umeoza kwa sukari na masikio yalikuwa karibu yamekufa kabisa. Alilala nyuma ya pazia, katika chumba kimoja na mwanawe, mkwe wake na cherehani aliyokataa iondolewe. Nilikuwa nampelekea daftari kubwa, naandika ninachotaka kusema kwa herufi za kuonekana, naye ananijibu kwa mdomo. Tabu ilikuwa hapo kwenye mdomo. Mtu asiyejisikia hajui sauti yake inafika wapi. Akitaka kuninong'oneza kwamba mkwe wake anatia chumvi nyingi, mkwe alijibu kutoka uani kwamba amesikia na kesho atatia zaidi. Walipendana sana wale wawili, kwa namna yao ya kuchokozana.

Miezi miwili kabla ya kifo chake alianza kukataa Komunyo. Hakusema anakataa. Alisema ameshakunywa chai. Niliandika kwamba mgonjwa hafungwi na sheria ya kufunga. Akasema anajua, lakini chai ya leo ilikuwa nyingi. Jumapili iliyofuata chai tena. Ya tatu nikamwambia Paroko.

Paroko wetu unamjua, mtu mwema mwenye mwendo wa mtu anayekimbia mvua. Alikwenda siku iliyofuata, akawatoa wote nje ili amsikilize kitubio, na baadaye akampaka Mafuta Matakatifu. Mkwe wake ndiye aliyenisimulia. Ilibidi Paroko apige kelele kuuliza ana dhambi gani, mpaka fundi viatu anayekaa nje chini ya dirisha akasimamisha nyundo. Mkwe akakimbia kuongeza sauti ya redio ya uani, jirani akagonga ukuta kwamba ana mtoto aliyelala, redio ikapunguzwa, na katika ukimya huo Bibi Sindano akatangaza kwa mtaa mzima kwamba amekuwa mvivu wa sala. Basi. Mtu amelala mwaka mzima kitandani na rozari mkononi, anaungama uvivu wa sala. Jumapili iliyofuata alikuwa ameshakunywa chai.

Hapo ndipo tulipoelewa, mimi na Paroko. Lilikuwapo jambo jingine ambalo hakuweza kulisema mbele ya pazia. Paroko akanituma nimwandikie kwamba anaweza kuliandika. Mimi nitaibeba karatasi, Paroko ataisoma, kisha atakuja kwake kumpa maondoleo ya dhambi bila yeyote kusema neno. Bibi Sindano aliyasoma hayo kwenye daftari mara mbili, akanitazama, akauliza kwa sauti yake ile kama mbebaji ana macho. Mkwe alicheka kule uani bila kujua kinachoendelea. Niliandika kwamba mbebaji hana macho.

Alichukua wiki mbili. Aliandika kwa kalamu ya risasi juu ya karatasi ya kukatia mitindo, ile ya kahawia, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika vipimo tu. Jumapili moja mchana akanikabidhi. Alikuwa ameikunja mara nne na kuishona pande zote tatu zilizo wazi kwa uzi wa zambarau uliokuwa kwenye sindano yake wakati huo, uzi wa stola yako. Mishono midogo, yenye kulingana, kama meno ya mtoto. Katika kazi ya ushonaji, alisema, kitu cha mteja hakitoki bila kufungwa.

Nilitakiwa kuipeleka jioni ile ile, kwa kuwa Paroko alikuwa anaondoka Jumatatu alfajiri kwenda mafungo ya mapadre ya wiki nzima. Kutoka kwa Bibi Sindano hadi nyumba ya mapadre ni dakika kumi na tano. Nilipita nyumbani kwanza kubadili viatu.

Kaka, sasa nisikilize, na usiniruke kwenda mwisho.

Nilikaa juu ya kitanda changu na karatasi ile mapajani. Nikajiambia kwamba mwandiko wake ni mbaya, na ingefaa nihakikishe unasomeka, asije Paroko akakwama. Nilijiambia hivyo kwa sauti, peke yangu chumbani. Unanijua. Ndiwe uliyeniita Mdadisi siku nilipofungua saa ya Baba kwa kisu cha mezani kutazama kinachoisukuma. Safari hii nilitumia mkasi wa kucha. Mshono mmoja, kisha wa pili, kisha upande mzima. Sikuwa na wasiwasi wowote juu ya mwandiko. Nilitaka kujua mtu kama yule anaficha nini. Nimesoma vitabu vingi kuhusu roho za watu, na hapa palikuwa na roho moja halisi, imekunjwa mara nne, mimi nina mkasi.

Niliisoma. Sitakuandikia kilichokuwamo. Sitakuambia kama kilikuwa kikubwa au kidogo, wala kama kilimhusu mtu unayemjua. Najua sheria inayomfunga padre inamfunga pia yeyote aliyedaka neno la kitubio, na kama sijashika kingine chochote, hilo nitalishika.

Nilipomaliza kusoma nikajaribu kuishona. Nilitafuta uzi wa rangi ile kwenye kopo la Mama, nikaupata unaokaribia. Unakumbuka shuleni sista alivyokuwa akiinua vitambaa vyangu darasani ili wengine wajue mshono usivyotakiwa kuwa. Mishono yangu ilikwenda kama kuku aliyekunywa pombe. Nikafumua, nikarudia, karatasi ikaanza kuchanika kwenye matundu. Paroko angeiona mara moja. Jua likashuka, nikasema nitapeleka kesho alfajiri kabla hajaondoka. Alfajiri nikalisikia gari la parokia likipita barabarani, nami nimekaa na sindano mkononi. Ningeweza kutoka na kulisimamisha nikiwa na kanga ya kulalia. Sikutoka.

Nilijua pia kwamba parokia ya jirani walimwacha padre mzee kwa ajili ya dharura, na namba yake ilibandikwa mlangoni pa sakristia. Usiniulize kwa nini sikumpigia. Ningepaswa kueleza karatasi.

Jumatano mkwe wake akanifuata shuleni ninakofundisha, akaniita kutoka darasani. Aliniambia mama hali chakula, hazungumzi na mtu, anauliza tu kama mwalimu amekuja. Nilimkuta amegeuka rangi. Pazia lilikuwa limefungwa nusu, stola yako kifuani pake, sindano imechomekwa pale alipofikia. Aliponiona akaniuliza kama Padre amesoma.

Nikafungua daftari. Niliandika: "Amesoma. Amekusamehe."

Ukurasa huo ninao hapa mbele yangu. Watu wengi uongo wao unapeperuka na upepo. Wangu una herufi kubwa, za kuonekana na mtu anayekufa.

Akauliza mbona hakuja mwenyewe. Niliandika kwamba amesafiri, lakini ameinua mkono kutoka kule aliko. Wewe na mimi tunajua kwamba haiwi hivyo, padre hamwondolei mtu dhambi kwa mbali. Yeye alikuwa fundi nguo, alimwamini mwalimu. Kisha akauliza malipizi ni yapi. Sikuwa nimefikiria malipizi. Niliandika: "Baba Yetu moja." Akacheka, kaka, mara ya kwanza baada ya miezi, akasema Padre huyu kweli ana haraka, moja tu kwa jambo lile, na kwamba yeye atasali tatu, asije akadaiwa. Alisali zote tatu kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Fundi viatu wa dirishani alizifuatisha.

Halafu akaomba Komunyo. Haikuwa Jumapili, kikasha sikuwa nacho, na funguo za tabernakulo alikuwa nazo katekista. Nilikwenda mbio nikarudi nacho. Nilimpa kipande kidogo na maji kijikoni. Alikipokea huku amefumba macho, kisha akanishika kidole gumba kama wanavyoshika watoto wachanga. Ijumaa saa sita mchana akafa, mkwe wake akimpangusa uso. Wanasema uso ulikuwa umetulia sana. Kila aliyekuja msibani aliniambia hilo, kama zawadi, na kila mmoja aliondoka akidhani nalia kwa huzuni.

Ningeweza kuishi na hayo, nadhani. Vibaya, lakini ningeishi. Kuna jambo jingine linalonizuia kula.

Paroko alirudi Jumamosi. Aliniita sakristia, akafunga mlango, akaniuliza taratibu kama ile karatasi iliwahi kukamilika. Nikamjibu kwamba hapana, alikuwa bado anaandika. Hapo pia nilidanganya, na hapo hapakuwa na mgonjwa wa kumtuliza. Paroko alikaa juu ya sanduku la mishumaa. Alisema kwamba angepaswa kurudi mwenyewe, kukaa naye, kutafuta njia. Kwamba alimpigia kelele mwanamke mzee mbele ya dirisha wazi kisha akaenda zake kwa sababu alikuwa na mazishi saa tisa. Alisema Mungu atamuuliza habari ya mama yule. Siku ya maziko alimwomba mkwe msamaha mbele ya kaburi, na mkwe hakuelewa anaombwa msamaha wa nini.

Tangu siku hiyo Paroko amebadilika. Hakimbii. Anakaa kwa wagonjwa mpaka chai inapoa, anarudi kwa miguu, amekonda. Watu wanamsifu kwamba mafungo yamemfaa. Mimi nasimama nyuma yake na kikasha na kumtazama mtu aliyebeba mzigo wangu begani, akidhani ni wake.

Jumapili tatu hizi nawapa wagonjwa Komunyo, na mimi mwenyewe sipokei. Mama ameniuliza. Nilimwambia nilikuwa nimeshakunywa chai.

Najua utakachoniandikia. Kwamba alitubu kweli, kwamba Mafuta alipakwa, kwamba rehema ya Mungu haifungwi kwa uzi. Nakuomba usianze na hayo. Nilipokuwa mdogo ulinisaidia kuficha saa ya Baba, na hadi leo anadhani ilikufa yenyewe. Safari hii usinisaidie kuficha.

Nimeamua hivi. Jumamosi hii, kabla ya kifurushi hiki kukufikia, nitakwenda kwa Paroko ofisini, mchana, mlango wazi, nimwambie yote isipokuwa kilichoandikwa. Nimefikiria kumwambia kwenye kitubio tu, na ingekuwa rahisi kwangu, lakini nikimwambia huko nitakuwa nimemfunga mdomo. Nataka awe na ruhusa ya kunikasirikia. Nataka awe huru kwenda kwa mkwe na kueleza msamaha ule ulikuwa wa nini. Nikishamaliza ofisini ndipo nitapanga foleni ya kitubio na wenzangu. Kikasha nitakirudisha. Karatasi niliichoma kwenye jiko siku ya maziko, na uzi wake wote.

Uliniomba nisome sala ya wagonjwa katika Misa yako ya kwanza. Tafuta mtu mwingine, au ningoje. Nitakubali lolote, ila usiamue kwa kunihurumia.

Sasa kuhusu stola. Ile shubiri ya mwisho nimeimaliza mimi. Mkwe wake alikaa nami jioni tatu akinionyesha, akanipiga vidole kwa tepu ya kupimia, akasema marehemu angefufuka kwa aibu. Ukiigeuza utaona pale mishono inapobadilika, huna haja ya kutafuta. Fundi yeyote anaweza kuifumua na kuirudia kwa dakika chache. Iache ilivyo, na siku utakapoivaa kumsikiliza mgonjwa asiyesikia, ishike hapo.

Baba anasema ukija usiegemee ukuta. Mama anasema vaa sweta. Nisalimie wenzako wote, na yule mpishi wenu anayekuongezea. Mungu akutunze, na mimi uniombee, kwa jina kama unaweza.

Ni mimi, dada yako mdogo,

Mdadisi